Mbizi kumi na moja na likizo mbili: niende Mafia, Pemba au Mtwara?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mwanza, nina miaka 31. Mwaka jana nilijifunza kupiga mbizi kwa mtungi kule Nungwi, nikapata cheti cha kwanza, na hadi leo nimeshuka mara kumi na moja. Nungwi palinipendeza, ila siku moja tulikuta boti tano kwenye mwamba mmoja, mapezi ya watu yananipiga usoni. Sasa nataka kwenda mahali pasipo na msongamano. Wenzangu wananisifia Pemba, wengine Mafia, na kaka mmoja ameniambia Mtwara hukuti mtu kabisa. Likizo zangu ni Juni na Desemba, na nina siku kumi. Mama ana hofu: anauliza nikipata shida huko visiwani nani atanitibu. Nimeshindwa kumjibu.

JIBU: Mwalimu, marahaba.

Nikupe jibu kwanza, halafu nikuonyeshe njia, maana wewe ni mwalimu na jibu bila njia hulipi alama. Nenda Mafia. Nenda Desemba, si Juni. Panga siku zako ziangukie maji mafu, yaani siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, na mbizi zako nne tano za mwanzo zifanyie ndani ya Ghuba ya Chole, hapo hapo Mafia, kabla ya kufikiria kutoka nje. Likizo ya Juni itumie Unguja, upande wa Mjini, uongeze cheti na uzoefu. Pemba itakusubiri, nami nitakwambia ni lini utakuwa umeiva kwa ajili yake. Mtwara kwa sasa iache.

Lakini tuanze na swali la mama, kwa sababu ni zito kuliko hayo mengine yote, na nimekutana na wapiga mbizi wa miaka ishirini ambao hawajawahi kujiuliza.

Ukishuka na mtungi, hewa unayovuta inakuwa na mgandamizo sawa na maji yanayokuzunguka. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo huingia kwenye damu na kwenye nyama za mwili. Ukipanda haraka, au ukikaa chini kupita muda unaoruhusiwa, inatoka kwa mapovu, kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Mapovu yakikaa kwenye maungio, utaumwa. Yakikaa kwenye uti wa mgongo, unaweza kupooza. Pwani yetu inalijua jambo hili kwa machungu. Wapo wavuvi wa jongoo bahari waliopewa mitungi bila kufundishwa chochote, wakawa wanashuka na kupanda mara nyingi kwa siku moja. Kuna waliobaki hawatembei, na kuna waliozikwa.

Tiba yake ni oksijeni safi papo hapo, kisha chemba ya mgandamizo. Hiyo ni kama tangi kubwa la chuma ambalo mgonjwa hulazwa ndani, akarudishwa kwenye mgandamizo wa mita 18 na kupandishwa taratibu huku akivuta oksijeni kwa vipindi. Awamu ya kwanza peke yake huchukua karibu saa tano. Chemba hizo haziko kila mkoa. Kwa Zanzibar, ile ambayo wapiga mbizi wameitegemea kwa miaka iko Matemwe, Unguja. Kwa Kenya iko ya jeshi la majini, Mtongwe, Mombasa. Mafia, Pemba na Mtwara utatibiwa kwa oksijeni ya boti huku watu wakitafuta ndege.

Kwa hiyo mahali pasipo na watu, unapopataka, ni mahali ambapo msaada nao uko mbali. Sisemi usiende. Mimi mwenyewe maisha yangu yote nimeyapitisha huko. Nasema ujue umbali huo kabla hujalipa hata shilingi, kwa kumpigia simu mwenye kituo na kumuuliza: chemba mnayoitegemea ni ipi, inafanya kazi wiki hii, mgonjwa mnamfikishaje, na kwenye boti mna oksijeni ya dakika ngapi? Mtu makini atakujibu bila kukasirika. Akikwambia "sisi hatujawahi kupata tatizo", bado hajakujibu.

Mwambie mama pia kwamba utakata bima ya wapiga mbizi. Shirika la Divers Alert Network, ambalo wengi tunaliita DAN, lilianza 1980 na lina ofisi Afrika Kusini inayohudumia ukanda wetu. Bima ya namna hiyo hulipia kuhamishwa kwa ndege na matibabu ya chemba, mambo ambayo bima za kawaida za afya mara nyingi hazigusi. Kukodi ndege kutoka kisiwani si gharama ya mshahara wa mwalimu. Kata bima hiyo hata kama utapunguza mbizi mbili ili uweze kuilipia.

Na kuna jambo moja ambalo vitabu tunavyosomea, vikiwa vimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, havikukwambia. Umetoka majini mchana. Usiku unasikia uchovu usio wa kawaida, viungo vinauma, mkono una ganzi. Yeyote utakayemweleza hapa kwetu atakwambia hiyo ni malaria, meza dawa ya mseto ulale. Usilale. Umepiga mbizi ndani ya saa 24 zilizopita, basi dalili za namna hiyo zihesabu kuwa ni za mbizi mpaka daktari akuhakikishie si hivyo. Pima malaria, naam, lakini wakati unapima uwe unavuta oksijeni na simu ya DAN iwe imeshapigwa. Nimeona mtu akipoteza siku mbili za tiba kwa sababu ya neno hilo moja, malaria.

Sasa njoo kwenye tarehe. Watu wa mijini huchagua kisiwa kwa picha. Sisi wa pwani tunakichagua kwa upepo na kwa mwezi, na hapo hakuna tofauti kati ya mpiga mbizi na mvuvi wa mshipi.

Kusi inavuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yake ya nguvu. Inatoka kusini-mashariki. Chukua ramani ya Mafia uiangalie: miamba mizuri ya nje iko mashariki, ng'ambo ya Mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kutokea ghubani, uso kwa uso na upepo huo. Juni utafungiwa ndani ya ghuba, maji yatakuwa na vumbi la mchanga, na kila safari ya boti utarudi umelowa na unatetemeka. Desemba upepo wa kaskazi ndio kwanza unashika, mvua za vuli zinaishia, maji yana joto la nyuzi 28 hivi, na kutoka nje ya mlango kunawezekana. Aprili na Mei usiniulize kabisa, ni masika na vituo vingi hufunga.

Desemba ina zawadi nyingine: potwe. Kati ya Oktoba na Machi hivi, papa potwe huonekana karibu sana na ufukwe wa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, wakichota uduvi kwa midomo iliyo wazi kama ndoo. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na hana shida na mtu. Wa Mafia wengi wao ni madume machanga, wa urefu wa mita sita saba hivi. Zamani wengi waliamini kwamba msimu ukiisha wanahama, lakini watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa sauti waligundua kuwa wengi wanabaki hapo hapo mwaka mzima. Miezi mingine wanasogea tu mbali na ufukwe na kwenda kwenye kina kirefu zaidi. Maana yake hawa ni wakazi wa Mafia, na mkazi hupewa heshima yake. Utaogelea nao kwa miwani na mrija tu, bila mtungi. Usimguse, usimkate njia mbele ya uso, na nahodha anayemkimbiza potwe kwa mashine mwambie wazi kwamba hukumlipa kwa kazi hiyo.

Upepo umepita, bado mwezi. Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu ndipo ajali nyingi za visiwani zinapoanzia.

Bahari yetu hupanda na kushuka sana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Siku za maji mafu, mwezi tisa na mwezi ishirini na tatu hivi kwa hesabu ya mwandamo, tofauti huweza kushuka hadi kama mita moja. Sasa fikiria Ghuba ya Chole, bakuli kubwa lililozungukwa na Mafia yenyewe, Chole, Juani na Jibondo, lenye milango michache ya kwenda baharini. Maji yote hayo hulazimika kupita mlangoni mara nne kwa siku. Kwenye bamvua, Mlango wa Kinasi unakuwa mto, na hakuna binadamu mwenye mapezi anayeweza kushindana nao.

Tunashuka pale maji yakiwa yanaingia. Sababu ni mbili. Maji yanayoingia yanatoka bahari kuu, ni safi, unaona mbali. Yanayotoka yamepita kwenye mikoko na yamebeba tope. Na ukizidiwa na mkondo unaoingia, unakupeleka ndani ya ghuba, ambako kuna boti na watu. Ukizidiwa na unaotoka, mbele yako ni Bahari ya Hindi.

Kuna na hesabu ya saa, ambayo wazee wetu waliijua bila jedwali lolote. Pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne za asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukienda kwenye maji mafu, utashuka asubuhi mapema maji yakiingia taratibu, jua linapanda, upepo bado haujaamka. Siku hizo ndizo ninazokutaka uchague. Fungua kalenda ya mwandamo, tafuta mwezi nane hadi kumi, au ishirini na mbili hadi ishirini na nne, na kata tiketi kwa kufuata hizo.

Ngoja nikueleze kwa nini naling'ang'ania hili. Nilikuwa na miaka 26, nikisaidia kituo kimoja kusini mwa pwani yetu. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi kuandama, bamvua kamili. Mashine ya boti ilisumbua, tukachelewa dakika arobaini, na kiongozi wetu akasema hakuna neno, maji bado yanaingia. Hayakuwa yakiingia. Nilipofika mita 15 niliona majani ya bahari yote yamelalia upande wa nje, na nikajua. Baada ya dakika kumi tulikuwa tumeshatolewa mlangoni. Tulipopanda, boti hatukuiona; ilikuwa inatutafuta ndani ya ghuba, kule tulikotarajiwa kutokea. Tulielea zaidi ya saa mbili, watu wanne tumeshikana mikanda, jua linatupiga, mmoja wetu analia bila sauti. Mwenzetu mmoja tu alikuwa na boya la ishara, lile refu la rangi ya machungwa ambalo unalijaza hewa likasimama juu ya maji. Wavuvi wa mashua waliokuwa wanarudi waliliona. Walitupandisha mmoja mmoja, wakatupa maji na muhogo wa kuchemsha, na hawakutaka malipo.

Tangu siku hiyo sishuki bila boya langu mwenyewe na filimbi. La kuazima silitaki. Na wewe nunua lako, ujifunze kulijaza ukiwa chini, kwenye maji tulivu, mara tano sita mpaka mikono izoee.

Utaniuliza, mbona nalisisitiza hili la mbizi kumi na moja? Hebu tufanye hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Baa 50, yaani lita 600, ni akiba na haiguswi. Zinabaki 1,800. Mtu asiye na uzoefu mkubwa huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 chini, kwa sababu ya mgandamizo mara tatu, anatumia lita 60. Gawanya, unapata dakika 30. Sasa mtie kwenye mkondo, apige mapezi kwa nguvu na aingiwe na hofu: anavuta mara mbili, dakika zinakuwa 15. Mwenye mbizi mia moja hana mapafu tofauti na yako, ila amejifunza kutulia, kujificha nyuma ya mwamba na kuuacha mkondo umbebe. Hayo hayafundishwi kwa maneno.

Ndiyo maana Juni nakutuma Mjini Unguja. Upande wa magharibi unakingwa na kisiwa chenyewe, kusi ikivuma mashariki kule huku maji yanavumilika. Kuna miamba ya Bawe, Pange na Murogo, na kuna mabaki ya meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu, Great Northern, iliyozama 1902 na imelala kwenye mita 12 tu, imegeuka nyumba ya samaki. Fanya hapo kozi ya pili, ile inayokuongezea kina kutoka mita 18 hadi 30, na mwombe mkufunzi mbizi moja kati ya tano iwe ya kwenda na mkondo. Huko ni karibu na hospitali na karibu na chemba. Si mahali pa mbali ulipopaota, lakini ukitoka pale utakuwa na mbizi kumi na sita au zaidi, na Desemba utafika Mafia ukiwa mtu mwingine.

Basi Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilitangazwa 1995, ya kwanza ya namna yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822, na ndani yake mna vijiji vyenye watu wanaovua na kuishi humo. Hilo nalipenda kuliko yote. Hutakuta fensi baharini. Utakuta mzee anavuta nyavu, wewe unapita na mtungi wako, mnasalimiana. Ndani ya ghuba kuna chewa wakubwa wa kutisha, wanaokuja kukutazama kana kwamba wewe ndiwe wa kutazamwa. Kuna kasa, taa, mikunga iliyochomoza vichwa kwenye mashimo, pono wanaotafuna mwamba ukawasikia kwa masikio yako. Mlangoni Kinasi kolekole wanazunguka kwa makundi. Mbizi nyingi hazihitaji kuzidi mita 20, na mara nyingi boti yenu itakuwa peke yake.

Nisikufiche hali ya matumbawe. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na mwamba wa Tutia, kusini mwa hifadhi, ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake yaliyo hai. Nimeogelea juu ya makaburi yale. Yalianza kurudi, likaja joto la 2016, na la 2024 likaikumba dunia nzima. Kwa hiyo utaona mwamba wenye makovu: hapa bustani, pale kifusi chenye machipukizi madogo kama kidole. Hayo machipukizi usiyakanyage. Mpiga mbizi asiyeweza kujisawazisha majini, akawa anapiga magoti kwenye mwamba ili apige picha, anaharibu kwa dakika moja kitu kilichokua kwa miaka.

Pemba ni habari nyingine. Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo wa bara, maji yanayozitenga na nchi kavu ni ya kina kifupi. Pemba imetengwa na bara kwa mfereji wa bahari wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina cha karibu mita 800. Ndiyo maana maji yake ni maangavu namna ile, na ndiyo maana miamba yake inashuka wima kama ukuta wa ngome. Unaelea kwenye mita 15, unatazama chini, na chini haipo. Ukutani hakuna mchanga wa kukuzuia. Usipojimudu kuelea utafika mita 35 huku ukiangalia samaki. Milango yake, Njao, Fundu na Uvinje, ina mikondo inayoweza kukubadilikia katikati ya mbizi. Ukifikisha mbizi thelathini, na kumi kati ya hizo ziwe za mkondo, nenda, na uanzie Misali.

Misali naipenda kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale akaomba msala asali, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho kiwe msala, kwani kimeelekea kibla. Kilifanywa eneo la hifadhi 1998, na mafundisho ya dini kuhusu kutunza viumbe wa Mwenyezi Mungu yalitumika kuzungumza na wavuvi wenyewe, yakafahamika kuliko sheria za serikali peke yake. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kuchukua maji ya pwani ya magharibi ya Pemba. Ukienda, nenda ukiwa unaweza kuangalia, si ukiwa unahangaika na geji yako.

Kuhusu Mtwara, kaka yako hakukudanganya. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, ya mwaka 2000, ina fukwe za Msimbati ambazo sijaona mfano wake, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita na watoto wao. Ila huduma za mbizi ni chache mno, mji wa Dar uko zaidi ya kilomita 500, na ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, kumekuwa na vita tangu 2017 ambavyo Oktoba 2020 vilivuka mto hadi kijiji cha Kitaya. Kwa mtu anayesafiri peke yake na mbizi chache, hapana. (Na wale wanaoniandikia kila mwaka kuhusu silikanti, yule samaki wa kale wa Tanga: hifadhi yake ipo tangu 2009, lakini samaki yule anaishi kwenye kina kirefu, gizani. Si wa mtungi wa kawaida.) Wasomaji wa Kenya, kwenu ningeanzia Shimoni na miamba ya Kisite, kaskazi ikishatulia. Watamu na Malindi, hifadhi za bahari tangu 1968, ni nzuri lakini si za upweke.

Turudi kwenye safari yako. Kufika Mafia una njia mbili: ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa tu, au basi hadi Nyamisati kisha kivuko hadi Kilindoni. Kwenda, chagua unayomudu. Kurudi, fikiria naitrojeni. Baada ya siku kadhaa za kupiga mbizi, mwongozo wa DAN ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mimi nakwambia 24, kwa sababu hutapanda moja: utapanda ya Dar, halafu ya Mwanza, na Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usimsikilize anayekwambia ndege ndogo haipandi juu.

Chukua kitambulisho chako cha NIDA, maana ada ya hifadhi kwa raia ni ya shilingi na ni ndogo kuliko ya mgeni, na inalipwa kwa kila siku utakayokuwa humo. Uliza na kituo kama wana bei ya Mtanzania. Wengine wanayo lakini hawaitaji mpaka uulize. Utende, palipo lango la hifadhi, kuna hoteli za bei kubwa, lakini kuna pia nyumba za wageni za kawaida, na ukishuka Kilindoni bodaboda au bajaji itakufikisha. Chukua kanga mbili, kwani kijijini hutapita na nguo ya kuogelea. Mafua ukiwa nayo usishuke, hata kama umeshalipa, masikio hayana fidia.

Siku ya kwanza waombe wakupeleke mahali pa mita 8 au 10, ndani ya ghuba, wakuone unavyoelea, na uwape namba kamili ya mbizi zako bila kuongeza. Hakikisha nahodha anabaki ndani ya boti mashine ikiwa tayari, macho yakifuata mapovu yenu, wala hayuko kwenye simu. Mkishuka mlangoni, muulize kiongozi maji yanageuka saa ngapi, halafu tazama majani ya bahari mwenyewe. Yakilalia nje, onyesha ishara ya kupanda. Hakuna wa kukucheka, na akicheka mwache.

Siku ya mwisho, ile ya kungoja saa 24, vuka kwenda Juani ukaone magofu ya Kua, kisha upitie Chole jioni, popo wakubwa wanapoamka kwenye miti yao. Ukifika hapo mpigie mama simu, umwambie umekausha vifaa na kesho unarudi.